Shoka Lililonyamaza

Tsaaheen,
Jumapili, 17 Novemba 1957

Kwako shemeji Lemuel,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea nijibu hili: u mzima? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kila baridi inapoingia kimetulia, au vumbi la mbao la huko Ketchikan limekuja kukimalizia? Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua lakini bado anapanda ngazi za kibanda cha kufukizia samaki bila kuomba mkono wa mtu. Dada yangu Verna, mkeo, ni mzima, amekonda kidogo. Mwanao Orin ni mzima kupita sisi sote, meno yamejaa na anauma kila kinachokaa karibu naye, ukiwemo mkia wa mbwa. Mimi mwili hauna neno. Mengine utayasoma huko chini.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Tangu ulipopanda meli ya barua mwaka jana, siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wangu Chester, sijakuandikia hata mstari. Zamani ningeanza kwa kukutania, maana utani ni haki yangu kwako na yako kwangu. Ningekuuliza kama watu wa Ketchikan wameshagundua kwamba hujui kurusha mpira kikapuni, au bado unawadanganya kwa urefu wako. Leo utani haunitoki, nisamehe kwa hilo kwanza.

Barua yako ya mwisho Verna alinisomea. Pale ulipomwambia asikungoje, kwamba mtu aliyeitwa na watu wa fisimaji, wale wa baharini, akawafuata hafai kulala nyumba moja na mtoto mdogo, aliisoma kwa sauti kavu kama anasoma bei za dukani. Kisha akaikunja na kuisukuma chini ya kopo la sukari. Akasema, “Mwanamume mzima, anaogopa kumpakata mwanawe! Si aseme tu amenichoka, nijue moja.” Halafu akaenda kupasua kuni, na tulizisikia zikipasuka mpaka chakula kikapoa. Hajakuchoka wewe, shemeji. Hilo naliona kila Alhamisi meli inapopiga honi, namna anavyojifanya hana haraka ya kushuka gatini.

Sasa nikupe habari za karamu ya kuuondoa msiba wa Chester. Tuliifanya Jumamosi ya wiki iliyopita, mwaka ulipotimia. Sisi wa upande wa Tai tulikuwa wenyeji na ninyi wa upande wa Kunguru wageni, kwa kuwa mfiwa hajichimbii kaburi wala hajifuti machozi mwenyewe. Watu wako walikuja wote. Hata wale wa ng'ambo ya mlango wa bahari walikuja na boti mbili, mmoja wao akitapika njia nzima, na Mzee Phineas, mkubwa wenu, alimsema mpaka watoto wakamwonea huruma. Mama alikuwa ameandaa tangu majira ya kuchipua: mayai ya samaki wa heringi, nyama ya kulungu, matunda ya porini kwenye mafuta ya sili, samaki mkavu mafungu kwa mafungu. Mzee Phineas alipoona meza zilivyojaa alisimama akasema, “Tai hawa nawajua kwa ubahili toka nikiwa mtoto. Leo wametapika kila walichomeza tangu vita. Kuleni haraka kabla hawajajirudi!” Ukumbi mzima ulicheka, hata Mama.

Kando ya Mzee Phineas paliachwa kiti kitupu. Nilidhani kimewekwa kwa makosa, nikaenda kukiondoa. Akaweka fimbo yake juu ya kiti bila kunitazama, akasema kijana wao aliyelichimba lile kaburi kwa mikono yake atakaa pale, aje asije. Wakati wa kugawa mablanketi ya shukrani kwa waliotuzikia aliagiza lako liwekwe kwenye kiti. Nilimwomba akuletee, kwa kuwa binamu yake anafanya kazi huko, akakataa. Alisema blanketi la kufutiwa machozi halipelekwi kama mzigo wa posta, mwenyewe atalifuata. Bado lipo pale ukumbini, juu ya kiti, na hakuna mwanamke anayefagia aliyethubutu kulisogeza.

Ilipofika zamu ya kumlisha marehemu, mimi kama kaka mkubwa nilishika sahani yake. Mama alikuwa ameweka mayai ya heringi na biskuti zile ngumu zenye jamu, ambazo Chester angekula mpaka umnyang'anye. Kazi yangu ilikuwa kuitia sahani motoni na kuliita jina lake la ukoo kwa sauti, ili ajue chakula ni chake. Nilifungua mdomo, na mdomo ukakauka. Nilisimama pale moto ukinipiga usoni mpaka Mjomba Gideon akainuka akaliita yeye. Baadaye watu walinishika mabega wakaniambia hawajaona kaka aliyempenda mdogo wake namna ile. Mzee Phineas alininenea maneno mazuri ya kuniondolea huzuni, maneno ya wazee wenu, na kila neno lilinichoma. Niliona aibu, shemeji. Niliona aibu kiasi kwamba nilikwenda nyuma ya ukumbi kana kwamba nakojoa, nikabaki huko nimeegemea mapipa.

Kisha likatolewa jina. Sitaliandika hapa kwa kuwa karatasi hii itapita mikononi mwa watu wa posta, lakini unalijua, ni lile la Chester, na kabla yake la kaka yake Bibi aliyekufa kwa ndui. Mjomba alimbeba mwanao, akalitamka mara nne, na watu wenu wakaitikia mara nne mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Orin hakulia. Alimshika Mjomba pua. Basi tangu siku ile Mama anamwita “mwanangu”, na Verna anasema amejizalia mdogo wake mwenyewe na bado anamfulia suruali. Naye akafundishwa kuniita mimi Kaka, maana ndicho nilichokuwa kwa mwenye jina.

Nilidhani nitazoea. Jumatano iliyopita nilikuwa ufukweni navuta mashua juu kwa kuwa ukungu ulikuwa unashuka. Ulishuka kwa kasi, mpaka sikuiona tena nyumba yetu. Nikasikia nyuma yangu, mahali nisipopaona, sauti inaita, “Kaka! Kaka!”

Nilijua ni nani. Saa nane mchana, hatua thelathini kutoka mlangoni, mtoto wa miaka miwili anayeburuza mabuti ya mpira ya mama yake. Nilijua kabisa, na bado sikuitika. Mkono ulikwenda wenyewe kiunoni, ukatoa kisu, nikakiweka kati ya meno. Nilisimama hivyo, nimeng'ata chuma, mtoto anaita mara ya pili na ya tatu na sasa anaanza kulia. Mama akatokea kwenye ukungu amembeba. Aliniangalia, akakiangalia kisu kinywani mwangu. Kisha akasema polepole, “Itika, Ephraim. Mdogo wako anakuita.”

Hakuniuliza chochote, si siku ile wala baadaye. Lakini Mama ni mtoto wa Bibi, na anajua mtu hung'ata chuma kwa ajili ya nini. Tangu Jumatano ananiwekea chai mezani bila kunitazama usoni.

Ndiyo sababu naandika. Nilikuwa nimejipangia kulibeba jambo hili mpaka kaburini, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, nami kimeanza kuniumbua ningali hai. Nivumilie nianzie mbali kidogo, kwa kuwa nikianzia karibu nitaliruka.

Kisa chenu ninakikumbuka neno kwa neno, kama ulivyokisimulia nyumbani kwa Mjomba Gideon asubuhi ile, umefunikwa mablanketi mawili na meno yanagongana. Mlikwenda upande wa kaskazini kuinua kamba za kuvulia samaki wa halibuti, wewe na Chester. Injini ikazimika, mkondo ukawabeba kuzunguka kisiwa mpaka upande huu, boti ikapasukia Mwamba wa Sili. Mguu wa Chester ulivunjika chini ya goti. Mashua ndogo ilikuwa na ufa, ingemwelea mtu mmoja tu, na yule mmoja angekuwa na kazi ya kuchota maji. Bahari ilikuwa inajaa, tena ilikuwa bamvua, maji yale yanayoumeza mwamba wote. Na ukungu ulikuwa mnene, hamuoni ncha ya kasia.

Ndipo mkasikia shoka. Ulisema lilitoka upande wa Kijiji cha Kale. Chester, pamoja na mguu wake, alicheka. Akakwambia yule ni Ephraim, huwezi kumkosea, bega lake bovu halimruhusu kupiga zaidi ya mara mbili bila kupumzika. Mapigo mawili, kimya, mapigo mawili, kimya. Akakwambia uingie mashuani ulifuate lile shoka, naye atabaki akiniita ili nisije nikaondoka kabla hujafika. Ukashika makasia. Nyuma yako ukamsikia akiita. Na alipoanza tu kuita, shoka likanyamaza. Ulivuta makasia kuelekea pale ulipodhani liliko, ukapapita, ukapotea, ukatupwa rasi ya mbali giza linaingia, ukatembea msituni mpaka kulipokucha.

Ulipofika hapo Mjomba alinigeukia akaniuliza nilikuwa wapi jana yake mchana. Nikasema nilikuwa kijitoni, nyuma ya kanisa, nakata kuni. Nililisema mbele yako, na mbele ya Mama, na sauti yangu haikutetemeka. Mjomba akasema hakuna mtu aliyekuwa Kijiji cha Kale, kwa kuwa yeye mwenyewe amekataza mti wowote kukatwa pale walipolala wazee wetu waliomalizwa na ndui. Kwa hiyo kilicholia pale hakikuwa shoka la mtu. Akasema watu wa fisimaji, wale wanaowachukua waliozama na kuiga sauti za ndugu zao, sasa wanajua kuiga hata shoka, na wewe umewafuata. Alisema kwa huzuni, si kwa kukulaumu. Lakini wewe uliigeuza mikono yako ukaitazama, nje na ndani, kama mtu anayetafuta manyoya, maana anayewafuata huota manyoya yao. Sijasahau ulivyoitazama.

Lemuel, shoka lilikuwa langu.

Nilikuwa Kijiji cha Kale. Kuni za kijitoni lazima uzibebe mgongoni mpaka kibandani, na bega langu unalijua. Kule miti imeota minono juu ya misingi ya zile nyumba za zamani, unaangusha, unakata, unaitia moja kwa moja mashuani. Mjomba alikataza, nami nilijiambia Mjomba mzee, hataona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema, lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Ukiuchimba mzizi wa haya yote utakuta uvivu tu, uvivu wa mtu mzima wa miaka thelathini na nane.

Nilikuwa na mbwa wetu, Nahodha. Ukungu uliposhuka niliendelea kukata, maana mashua ilikuwa miguuni pangu na ufuo naujua. Kisha nikasikia kutoka baharini, “Kaka! Kaka Ephraim!” Ilikuwa sauti ya Chester. Na mimi nilijua Chester yuko kaskazini, upande wa pili wa kisiwa, kwa kuwa asubuhi ile ile nilikuwa nimemsaidia kupakia kamba. Chester hawezi kuwa hapa. Nami nilikuwa nimesimama juu ya nyumba za wafu, shoka mkononi, kwenye mti niliokatazwa.

Unanijua, shemeji. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto kanisani siku za Jumapili. Mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka Bibi alipokuwa akituketisha jikoni na kutuambia kwamba ukiitwa na mtu unayejua hayupo usifungue kinywa, ng'ata chuma, ukiitika tu wamekupata. Niliwaambia watoto hizo ni hadithi za kale. Siku ile mafundisho yote ya kanisa yalinitoka kama maji kwenye pakacha, akabaki Bibi peke yake. Nikalishusha shoka. Nikatoa kisu, nikaking'ata.

Kama ningeishia hapo, ningeweza kulala usiku. Mtu aliogopa kile alichofundishwa kuogopa, ungenihurumia, hata Mungu angenihurumia. Lakini Bibi alitufundisha na la pili, na unalijua. Alisema ukiwa na mbwa usimsikilize mwingine, mtazame mbwa. Fisimaji na mbwa hawapatani. Watu wa fisimaji wakikaribia, mbwa atabweka mpaka povu limtoke.

Nilimtazama Nahodha. Masikio yalikuwa juu na mkia unapiga huku na huku, unapiga mpaka kiuno chote kinatikisika, vilevile alivyokuwa akimfanyia Chester kila alipoingia na matumbo ya samaki kwenye ndoo. Alilia kwa furaha, akabweka ule mbweko wake mfupi wa kukaribisha, akajitosa majini mpaka kifuani. Mkia ule niliuona, Lemuel. Nimeuona kila siku mwaka mzima.

Chester akaita tena. Kisha akaita mara ya tatu, na safari hii alipaza sauti yote: “Ephraim, pumbavu wee! Najua upo! Si nimelisikia shoka lako?” Bibi hakuwahi kusema kwamba fisimaji hutukana. Aliyekuwa akinitukana hivyo duniani ni mmoja tu, tena kicheko kikiwa ndani yake, kama siku nilipomkosa kulungu aliyekuwa amesimama akitutazama.

Nilimshika mbwa shingo nikamvuta. Nilimfunga mdomo kwa shali yangu. Nikamtupa mashuani juu ya kuni, nikasukuma, nikavuta makasia nikiambaa na ufuo, kisu mdomoni, mpaka nikafika nyumbani. Wewe wakati huo ulikuwa majini humo humo, pengine si mbali nami, unatafuta mapigo mawili na kimya. Ningepiga hata mara moja ungenifikia. Ningeitika “naam” moja tu, mdogo wangu angekuwa anakula biskuti.

Sasa usome na hili, maana ndilo nililolificha hata moyoni mwangu. Nilipofika nyumbani mwamba ulikuwa bado haujafunikwa. Nilikuwa na saa nzima, labda na zaidi. Kisu nilikuwa nimekitoa mdomoni, hofu ilikuwa imepungua, na mkia wa mbwa ulikuwa mbele ya macho yangu. Ningeweza kwenda kwa Mjomba na kumwambia nimesikia sauti Kijiji cha Kale, twende watatu na taa na mbwa tukaangalie. Lakini angeniuliza nilikuwa nafanya nini Kijiji cha Kale. Mama alikuwa anamfuta Nahodha kwa gunia, akauliza kwa nini amelowa. Nikasema alikimbiza bata. Akanimiminia chai, na mimi, shemeji, nikakaa nikainywa. Niliongeza na kikombe cha pili.

Asubuhi uliposema Mwamba wa Sili, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuingia botini. Nilimwita Chester siku nzima mpaka sauti ikapotea, hadi tulipomkuta maji yamemtupa ufukweni, na watu walinionea huruma. Nilimwita siku ambayo kuitwa hakukumfaa kitu. Kuni zile ndizo zilizofukizia samaki wetu. Ndio samaki mliolishwa ninyi Kunguru ukumbini, mafungu kwa mafungu, na Mzee Phineas alisifu harufu yao. Mimi sikuonja.

Kwa hiyo nakwambia, na ningekwambia kwa magoti kama ungekuwa hapa: hukufuata fisimaji. Ulifuata shoka la shemeji yako, ukalifuata sawasawa, na Chester alipokwambia ni mimi alisema kweli. Hukumwacha, alikutuma. Mikono yako haina kitu, Lemuel. Ni mikono ya mtu aliyechota maji na kuvuta makasia mpaka ikachubuka, kisha ikamchimbia kaburi mdogo wangu, na nimeiacha mwaka mzima ikiogopa kumgusa mtoto.

Leo baada ya ibada nimekwenda kwa Mjomba Gideon na shoka begani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye hakunikaribisha kiti. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja, kama Mama anajua. Nikasema nadhani anajua. Akageukia dirisha, akasema tuliyoifanya Jumamosi ile haikuwa karamu. Akasema tumewaita Kunguru kutufuta machozi huku tukiwaficha tunachokililia, na kwamba tutawaita upya, na safari hii nitasimama mimi niseme. Lakini hatawaita mpaka kile kiti kiwe na mtu. Alisema wa kwanza kuambiwa ni aliyeubeba mzigo, ndipo wengine. Shoka alilichukua. Nilipofika mlangoni akaniambia bila kugeuka, “Ulikuwa mwanangu hodari kuliko wote.”

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Nakuomba urudi. Kila Alhamisi nitakuwa gatini, na ukishuka unaweza kunipiga mbele ya watu wote, sitakwepa. Ukitaka ushauri wa shemeji, bega la kushoto ndilo bovu. Ukiona huwezi kunitazama, nipite, nenda moja kwa moja kwa Verna, yuko nyumba ile ile na mlango ule ule unaokwama chini. Sijamwambia. Mjomba amesema haki ya kumwambia ni yako ukipenda, la sivyo atanisikia ukumbini pamoja na wengine. Akinikana kuwa kaka yake, atakuwa na sababu.

Jana mtoto aliniita tena kutoka kibarazani. Ukungu haukuwepo, jua lilikuwa linawaka juu ya theluji ya milimani, lakini mkono ulikwenda kiunoni vilevile. Nikaulazimisha mdomo. Nikaitika, “Naam, mdogo wangu.” Sauti ilitoka mbaya, ya kukwaruza, naye akacheka akadhani namfanyia mchezo, akaniita tena na tena, na kila alipoita niliitika. Tulikaa hivyo mpaka Verna akatuambia tunamsumbua.

Nikomee hapa, taa inakwisha mafuta. Wasalimie jamaa wa kwetu walio huko, na yule mama mwenye nyumba uliyesema anapika vizuri. Mama anakusalimu, na ameniambia nikuandikie kwamba soksi zako za sufu ameshazishona visigino, ingawa sikumwambia kama nakuandikia. Verna hakutuma salamu, lakini nimemwona akilianika godoro lenu juani. Mwanao anakusalimu kwa meno. Nahodha naye anakusalimu. Kila ukungu unaposhuka hukimbilia ufukweni akasimama na kupiga mkia kuelekea baharini, na sasa simfungi tena. Siku ile ni yeye peke yake aliyeitika, mpaka nilipomziba mdomo.

Ni mimi shemeji yako, niliyekuwepo,

Ephraim